Naomba ushauri: baiskeli yangu ya umeme inazima mlimani

Habari zenu wakuu. Baiskeli yangu ya kawaida nimeifunga mota ya wati 350 kwenye ringi ya nyuma, kontrola (kile kiboksi kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota) ya ampea 15, na betri ya volti 36 niliyoiunda mwenyewe kwa seli 40 za laptop zilizotumika, kumi kumi kwa mistari minne. Kazini ni kilomita 9. Tambarare inakimbia vizuri tu. Shida ni mlima wa mwisho: nikiminya moto wote inazima kabisa, nikisubiri sekunde chache inawaka kama vile hakuna kilichotokea, na mimi hapo nimeshalowa jasho.

Nimefunga mita. Ikitulia inasoma volti 38, mlimani inashuka hadi 31 ndipo inakata, nikisimama inarudi 37. Nimeshaweka waya mnene zaidi na kuchomelea upya plagi moja iliyoanza kuyeyuka (hiyo ilinitisha kweli). Nafuu ni ndogo mno.

Je, hapo seli ndizo zimechoka, au bado nitafute kiungo kinachokula umeme? Na nikihamia volti 48, ampea zikibaki 15, mota hii itahimili ule mlima au nitaiunguza? Fundi mmoja kaniambia nichomeke betri ya 48 kwenye kontrola hii hii, ila kapasita zake (vile vipuri vya ndani vinavyotunza umeme kidogo) zimeandikwa mwisho volti 50, na betri hiyo ikijaa inafika 54.6. Hapo nimegoma.