Wauza mvinyo wa Dar, mnatutoza zabibu au kizibo?

Wakuu, leo mnivumilie. Hili jambo limenikaa kooni na nisipolitoa nitapasuka.

Kuna imani ya kijinga imeota mizizi kwenye migahawa na maduka ya mvinyo ya hapa mjini: chupa yenye kizibo cha gome ni ya watu wa maana, ya kifuniko cha kuzungusha ni ya walalahoi. Bei zinapangwa kwa imani hiyo, na ukilalamika unageuziwa kibao kwa imani hiyo hiyo.

Juzi nilikuwa mgahawa mmoja Masaki, jina nalihifadhi, na shemeji yangu kaja kutoka Arusha. Tukaagiza chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, laki na ushee. Kijana kaja na mbwembwe zote, kitambaa cheupe mkononi, kizibo kakilaza kwenye kisahani kama pete ya uchumba. Nikanusa glasi. Boksi lililolowa mvua likaachwa stoo, ndiyo harufu niliyokutana nayo. Tunda hakuna. Nikamwambia kwa upole, mdogo wangu, hii imeharibika, nibadilishieni. Akaitwa meneja, wala hakunusa: "Bosi, hii ni ya kizibo, ndivyo zinavyonukia. Kama hujazizoea tunazo za kuzungusha, bei ya chini." Mbele ya shemeji! Na bili nikalipa yote.

Sasa meneja, kama unapita humu, soma taratibu. Ile harufu ina jina, inaitwa TCA, na wataalamu wameijua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kizibo ni gome la aina ya mwaloni unaolimwa zaidi Ureno, gome linalobanduliwa kila baada ya miaka 9 hivi. Kuvu wakiota kwenye gome na kukutana na kemikali zenye klorini, hiyo TCA inazaliwa. Nanogramu chache tu kwenye lita moja zinatosha kuua harufu yote ya zabibu. Haikuui wewe mnywaji, ila imeshaua ulichokilipia. Inaweza kuwa chupa moja tu kwenye katoni nzima, zilizobaki zikawa safi, ndiyo maana nchi za wenzetu mteja akisema, mhudumu ananusa, anaomba radhi, analeta nyingine. Hakuna mjadala.

Na hizo za kuzungusha unazozidharau, mwaka 2000 watengenezaji wa Riesling, mvinyo mweupe, wa Clare Valley, Australia, waliungana wakaachana na vizibo kwa sababu walichoka kupoteza mvinyo wao kwa TCA. Mwaka uliofuata New Zealand wakaanzisha harakati zao, na leo chupa zao karibu zote ni za kuzungusha, ghali na rahisi. Taasisi ya utafiti wa mvinyo ya Australia ilichukua mvinyo mmoja mweupe wa Semillon wa mwaka 1999, ikaufunga kwa vifunga chupa vya aina 14, ikaufuatilia. Vya kuzungusha ndivyo vilivyolinda mvinyo na hewa kuliko vyote. Vilivyofanya vibaya ni baadhi ya vizibo vya plastiki, ambavyo kwenu navyo vinahesabiwa "vya kizibo" na bei inapanda! Nisiwaonee wapenzi wa gome: kwenye utafiti ule ule kifuniko cha kuzungusha nacho kilionekana na dosari yake, mvinyo ukikosa hewa kabisa unaweza kutoa harufu ya mpira au ya kiberiti kilichowashwa. Lakini hiyo ukiiacha glasini kidogo mara nyingi inapungua. TCA haiondoki hata ukeshe nayo.

Ndiyo maana nasema muanze na zabibu, si kizibo. Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe, utamu wake wote uko kwenye harufu ya pasheni na majani mabichi, na hewa ikiingia harufu hiyo ndiyo inayotangulia kufa. Ukiifunga vizuri na kuinywa mapema umemaliza. Cabernet Sauvignon, zabibu nyekundu, ina ganda nene na ukakasi mwingi, hiyo inaweza kukaa miaka na hewa kidogo kidogo ikaulainisha ule ukakasi. Hapo kizibo kizuri kina kazi. Sasa nyie mnachukua nyeupe ya kunywa mwaka huu, kwa kuwa ina kizibo mnaisimamisha rafuni kwenye dirisha linalopigwa na jua la saa nane, kizibo kinakauka, kinasinyaa, hewa inaingia, mvinyo unageuka rangi ya chai. Halafu mnaandika "imehifadhiwa kwa muda mrefu". Imehifadhiwa wapi, kwenye oveni? Joto la Dar la Januari linausukuma mvinyo hadi kizibo kinachomoza kwenye shingo ya chupa. Nimeshaona kwa macho, kuna utomvu wa mvinyo umegandia chini ya lebo, na bado bei iko pale pale.

Watu wetu wa Dodoma nao msicheke, zamu yenu. Chupa kadhaa za kwenu nilizoshika zimeandikwa "mwekundu mtamu" basi. Zabibu gani? Makutupora? Syrah? Mavuno yapi, maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu zilizopigana na magonjwa ya kuvu wakati wa mvua haziwi sawa na zilizoiva kiangazi. Mtaniambia Bordeaux nao hawaandiki zabibu mbele. Sawa, lakini kwao sheria inabana aina za zabibu zinazoruhusiwa kulimwa, ukisoma jina la sehemu umeshajua kilichomo. Sisi tunasoma "mtamu". Mna Chenin Blanc pale, zabibu inayotunza uchachu wake hata kwenye jua, ndiyo inayolimwa kuliko zote Afrika Kusini, na mnaificha jina kana kwamba mmeiiba. Iandikeni, ifungeni kwa kifuniko cha kuzungusha, na pesa ya kizibo cha Ureno mpelekeeni mkulima wa Hombolo.

Kwa wenye migahawa sitaki mengi. Mteja akirudisha chupa, meneja anuse kwanza ndipo afungue mdomo. Na orodha ya vinywaji iandike aina ya zabibu na mwaka wa mavuno kando ya bei.

Wadau, mwenye kujua duka hapa Dar linalolaza chupa zake za kizibo kwenye kiyoyozi na linalokubali kubadilisha ikiharibika, alitaje hapa chini. Hata likiwa Mbagala nitaenda.