Tamthilia fupi iliyokwisha na muvi zisizozidi dakika 100: nipeni mapendekezo

Pazia Jekundu:

Wakuu, naomba mapendekezo ya vitu vya kuangalia nyumbani usiku wa siku za kazi. Watazamaji ni wawili. Mmoja anapenda upelelezi na kesi, mwingine akikuta dakika 20 za mwanzo zimepooza anasinzia. Tamthilia iwe imekwisha kabisa, maana hakuna kinachoudhi kama kufuatilia misimu miwili halafu inakatwa njiani na watu mnabaki na arosto. Isizidi episodi 10. Muvi isizidi dakika 100 au hapo karibu. Lugha yoyote sawa, manukuu tunasoma. Damu ikiwepo iwe na sababu.

La pili: maongezi hayasikiki. Ukipandisha sauti, mlipuko unaofuata unaamsha nyumba nzima. Televisheni ni ya inchi 43, haina spika za nje. Tatizo liko wapi?

Fremu 24:

Kwa watazamaji wa namna hiyo ningeanza na The Guilty, ile ya Denmark ya mwaka 2018, dakika 85. Polisi yuko zamu chumba cha kupokea simu za dharura. Inaingia simu ya mwanamke anayeongea kana kwamba anambembeleza mtoto wake, kumbe pembeni yake kuna mtu asiyetakiwa kujua kwamba upande wa pili ni polisi. Kamera haitoki ofisini mpaka mwisho. Mvua, gari, mlango unaofunguliwa, vyote mnavipata kwa masikio. Mpenda kesi atashiba, na msinziaji hapewi upenyo kwa sababu simu yenyewe inaingia mapema sana. Ila msiiangalie huku mnapika au mnachati: ukikosa pumzi moja ya yule mama umekosa ushahidi.

Kuna toleo la Marekani la 2021 la Jake Gyllenhaal. Si baya, lakini wamejaza moto wa nyikani wa Los Angeles kwenye skrini za ukutani, na macho yanapata pa kukimbilia. Ya Denmark inakunyima hilo, na ndiyo nguvu yake. Hakikisheni mmechagua yenye sauti ya Kidenmark. Muvi inayoishi kwa sauti ukiiwekea sauti za watu wengine umeing'oa moyo.

Ya pili ni 12 Angry Men ya 1957, dakika 96. Asiyependa nyeusi na nyeupe aivumilie robo saa tu. Raia 12 wamefungiwa chumbani kuamua kama kijana amemuua baba yake. 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema bado. Mkiifika katikati, tazameni dari. Mwongozaji Sidney Lumet aliiweka kamera juu ya usawa wa macho theluthi ya kwanza, akaishusha usawa wa macho theluthi ya pili, na theluthi ya mwisho ikawa chini ya macho mpaka dari likaanza kuonekana. Wakati huohuo alikuwa akiongeza urefu wa lenzi, kwa hiyo kuta zinaonekana kama zinawasogelea. Chumba ni kilekile, lakini mtazamaji anaanza kukosa hewa bila kujua kwa nini.

Ya tatu ni Searching ya 2018, dakika 102, baba anamtafuta binti yake aliyepotea na hadithi nzima inakwenda kwenye skrini za kompyuta na simu. Hii msithubutu kuiangalia kwenye simu. Nusu ya ushahidi ni meseji na majina ya mafaili, maandishi madogo kabisa. Kwa inchi 43, kaeni mita moja na nusu hivi kutoka kwenye kioo.

Rimoti Mkononi:

Naongezea tamthilia. Chernobyl ya 2019, kuhusu mlipuko wa mtambo wa nyuklia huko Ukraine enzi za Usovieti, episodi 5 tu, jumla haifiki saa 6. Episodi ya 1 na ya 2 ziangalieni usiku mmoja. Ya kwanza ni vurugu tupu ya usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, hakuna anayeelewa kilichotokea, na mtazamaji naye haelewi. Ukilala hapo unaweza usirudi. Ya pili ndiyo inaanza kufafanua. Tahadhari: ya 3 ina wagonjwa wa mionzi hospitalini, na miili inavyoharibika inaonyeshwa wazi, ya 4 ina askari wanaoua mbwa na wanyama wengine walioachwa. Hayo hayakuwekwa kunogesha, lakini mwenye roho nyepesi aambiwe kabla.

Ya 5 isianzwe saa tano usiku macho yamechoka. Mle mahakamani mwanasayansi Legasov anapanga kadi nyekundu na za buluu kuonyesha nini kilipandisha nguvu ya mtambo na nini kiliishusha. Ukifuata kadi moja baada ya nyingine, unaelewa kwa nini kitufe cha kuuzima mtambo ndicho kilichoulipua. Nimeona watu wengi wakiisifu tamthilia hii kwa hofu yake. Mimi naisifu kwa zile kadi. Jueni pia kwamba Legasov halisi hakuwepo kwenye kesi ile, na yule mwanasayansi wa kike, Khomyuk, ni mhusika wa kubuni anayewawakilisha wanasayansi wengi.

Nyingine ni When They See Us, 2019, episodi 4. Vijana watano wa New York walitiwa hatiani kwa kumshambulia mwanamke kwenye bustani ya Central Park mwaka 1989, na hukumu zikafutwa 2002. Ya 4 ina urefu wa muvi nzima na karibu yote inamfuata mmoja wao, Korey Wise, gerezani. Ipeni usiku wake peke yake.

Mkitaka mpelelezi na mji mdogo wenye siri, msimu wa kwanza wa Broadchurch, 2013, episodi 8. Muuaji anajulikana humohumo, kwa hiyo mnaweza kuishia hapo bila kudaiwa chochote na misimu miwili iliyofuata. Kesi inahusu kifo cha mtoto, na huzuni ya wazazi haifichwi. Dark ya Ujerumani ni nzuri mno, lakini ni episodi 26 na inadai daftari la majina ya familia nne. Masharti yenu inayavunja.

Fundi Sauti:

Kuhusu maongezi, televisheni yako huenda haina ubovu wowote. Sauti za muvi nyingi zimechanganywa kwa mfumo wa 5.1, yaani njia sita, na maongezi karibu yote yanapita njia ya katikati. Televisheni yenye spika mbili ndogo zinazotazama chini au nyuma inazikunja njia sita kuwa mbili, na maongezi yanamezwa na muziki na milipuko.

Anza na programu unayotumia kuangalia. Fungua sehemu ya sauti na manukuu, na kama kuna chaguo la lugha ileile lisiloandikwa 5.1, chukua hilo. Mara nyingi hapo tatizo limepungua nusu. Kisha ingia mipangilio ya sauti ya televisheni, weka hali ya maongezi, zima sauti ya kuzunguka ya kuigiza (virtual surround), halafu washa hali ya usiku au ya kusawazisha sauti. Hiyo inashusha kilele cha mlipuko na kupandisha mnong'ono. Sauti itapoteza uhai kidogo, lakini mtasikia maneno na majirani watalala.

Ukija kununua spika ya kuweka chini ya televisheni, soma namba ya kwanza. 3.1 ina kushoto, kulia na katikati, na ile ya katikati ndiyo unayoihitaji. 2.1 yenye besi kubwa itatikisa meza na maneno yatabaki palepale.

Mkiwa humo kwenye mipangilio, zimeni na ulainishaji wa mwendo. Muvi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde; televisheni inabuni fremu za kujazia katikati, na kazi ya mamilioni inaonekana kama kipindi cha studio. Samsung wanaiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Ikiwa kuna Filmmaker Mode, iwasheni, itauzima ulainishaji huo yenyewe.

Pazia Jekundu:

Nashukuru sana wakuu. Kuchagua sauti isiyo ya 5.1 kumesaidia papo hapo. Sasa The Guilty ninayo kwenye diski, naiangalia kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta ya Windows. Manukuu mwanzoni yako sawa, yakifika katikati yanachelewa. Nikiyarudisha yanakaa sawa dakika chache, kisha yanachelewa tena.

Fundi Sauti:

Kama yangechelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, ungebonyeza G mpaka yakae sawa. Kila mbonyezo unayawahisha milisekunde 50, na H inayachelewesha. Ya kwako yanaachwa nyuma kidogokidogo, maana yake kasi hazilingani: video inakwenda fremu 25 kwa sekunde, manukuu yalipimwa kwa 23.976. Tofauti ni asilimia 4 na ushee, hivyo kwenye dakika 85 utafika mwisho yakiwa nyuma kwa zaidi ya dakika 3. G haitakuokoa.

Pakua Subtitle Edit, ni ya bure. Fungua faili la manukuu, tafuta amri ya kubadilisha kasi ya fremu, weka kutoka 23.976 kwenda 25, kisha hifadhi kwa UTF-8 ili herufi za Kidenmark zisigeuke alama za ajabu. Kagua mstari wa kwanza na wa mwisho. Vikikaa sawa vyote viwili, katikati hakuna haja ya kugusa.

Fremu 24:

Na kabla hujapakua au kukodi chochote, linganisha dakika. Das Boot, muvi ya Ujerumani ya nyambizi, kwa mfano, ya 1981 ni dakika 149, ya mwongozaji ya 1997 ni dakika 208, na iko ya televisheni inayokaribia saa 5. Jina moja, na mtu akikwambia "angalia Das Boot" mwulize ipi. Kwa wikendi, yenye nafasi, chukueni ya dakika 208 na muigawe mara mbili, mkiishia dakika ya 100 siku ya kwanza.