Siku moja shambani na mama: Vignola, Brisighella au Dozza?

BintiMuheza: Habari zenu wanajamvi. Mama amekuja kutoka Muheza, yuko kwangu Bologna, Italia, Juni yote hii. Nimemzungusha makanisani na minarani mpaka amechoka, jana kaniambia: "Mwanangu, nipeleke mahali nione shamba." Sina gari, na magoti yake hayataki ngazi. Nimebakiwa na vimiji vitatu vya jirani: Vignola, Brisighella na Dozza. Twende na kurudi siku hiyohiyo. Aliyefika anisaidie.

MzeeWaReli: Dozza iondoe mapema. Haina stesheni, utategemea basi, na Jumapili basi la vijijini ni bahati yako. Vignola ni mwisho wa reli, kwa kawaida treni inatoka Bologna moja kwa moja, kama saa nzima. Brisighella unabadilisha Faenza, halafu ni karibu tu. Ila njia ile ya milimani imesumbuliwa na maporomoko tangu mafuriko ya 2023, kwa hiyo angalia ratiba asubuhi yenyewe kabla mama hajavaa viatu. Na tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, faini yao haina huruma.

ChumviNyingi: Mimi ni Brisighella, mtanisamehe. Kuna Via degli Asini, njia ya juu iliyofunikwa, imepita ndani kwa ndani ya safu ya nyumba, ina madirisha ya matao. Punda walipitia humo wakibeba jasi. Halafu mafuta ya zeituni! Yalipata alama ya DOP, ile ya Ulaya ya kulinda vyakula vya asili ya mahali fulani, mwaka 1996, miongoni mwa mafuta ya kwanza ya Italia kuipata. Chovya mkate, yanakuwasha kooni kama pilipili. Mji umekaa chini ya vilima vitatu: kimoja kina ngome, kingine mnara wa saa, kingine kanisa.

BintiMuheza: Vilima vitatu, kaka? Nimesema magoti.

ChumviNyingi: Mama akae uwanjani na kahawa, wewe panda 😂 Haya, nakubali. Na zeituni huvunwa Novemba, sasa hivi ataona majani tu.

Kibibi_Modena: Basi hakuna mjadala, Vignola. Huu ndio msimu wa matunda ya cheri, na mji wenyewe ni tambarare. Kuna keki nyeusi inaitwa torta Barozzi, jina la msanifu majengo aliyezaliwa hapo 1507. Ina chokoleti, kahawa, lozi na karanga, unga hamna. Wengine hutia ramu, kwa hiyo uliza. Uliza pia vile vimkate vya tigelle, mara nyingi vina mafuta ya nguruwe. Neno lake ni *strutto*, likariri. Hata piadina, mkate bapa wa huko Brisighella, ina shida hiyohiyo, mpaka upate ya mafuta ya zeituni. Kuleni kabla ya saa nane, baada ya hapo majiko yanazimwa na maduka yanafungwa hadi jioni.

Mpakarangi: Dozza mnaionea. Kuta za nyumba zimechorwa picha mji mzima, unatembea tu unatazama. Ila ngomeni chini ni ghala la divai, sijui mama atasemaje.

MzeeWaReli: Atasema "turudi".

BintiMuheza: Tumerudi, Vignola ilikuwa ndiyo. Tulitembea pembeni ya mashamba, mama akaona miti imefunikwa plastiki juu kama kibanda cha mnadani. Kamsimamisha mzee mmoja, nikatafsiri: mvua ikizipiga cheri zinapokaribia kuiva, zinapasuka, mnunuzi hazitaki. Mama akacheka, "Hata hawa wanalala jicho moja wazi!" Wakaanza kuongea bei, yeye ya machungwa yetu ya Muheza, mzee ya cheri, mimi katikati jasho linanitoka. Ngazi hatukupanda hata moja.

Tulinunua kilo mbili, zikaisha kwenye treni. Kokwa zote mama kazifunga kwenye pindo la leso. Nikamwambia mti huu unataka baridi kali, Muheza hautazaa. Kanitazama. "Nani kakuuliza?"