Naomba ushauri: kupata faili ya mirathi ya zamani, Nairobi

Habari zenu wakuu. Babu yetu mzaa baba alifariki miaka ya tisini akiacha ploti Dagoretti. Sasa ami anasema mahakama ilishampa usimamizi wa mirathi, ila karatasi hataki kutuonyesha. Shangazi zangu wanasema hawakuwahi kutia sahihi popote. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu wao ni watoto wa marehemu sawa na yeye.

Namba ya kesi sina. Najua maombi ya mirathi hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Tangazo huwa na jina la marehemu na namba ya kesi, kwa hiyo nimeanza kupekua matoleo ya zamani mtandaoni. Yameskaniwa, maandishi yamefifia, na jina la babu lingeweza kuandikwa kwa namna tatu. Kwenye tovuti ya Kenya Law nimeona hukumu tu. Mimi nataka fomu za maombi na hati za kiapo zenyewe.

Nilipouliza masjala ya mahakama, karani alitaka namba kwanza.

Aliyepitia haya kwenye mahakama za Milimani, Nairobi, anisaidie: inawezekana kutafuta faili kwa jina la marehemu? Nani huandikiwa barua, naibu msajili? Shangazi aende mwenyewe na kitambulisho, au lazima wakili? Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari, lakini pale dirishani mnakitumiaje?

Nikipata nakala zilizothibitishwa, tutajua kama sahihi zao ziliwekwa.