Mkonge unapumua saa ngapi?

Wakuu, nafundisha baiolojia Muheza. Jana tulipaka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani la mpapai, ikakauka, tukaibandua kwa seloteipu hadi kwenye hadubini. Stomata (vitundu vya jani vya kupitishia hewa) hizo hapo, kila kitundu kimekumbatiwa na seli linzi mbili kama maharage. Kijana mmoja akauliza: mkonge mbona haunyauki kwa jua hili? Nikaishia kusema "tutaendelea kesho".

— Mwalimu, mkonge hufungua stomata usiku, hewa ikiwa na ubaridi, hivyo haupotezi maji mengi. Unaingiza kaboni dayoksaidi, unaihifadhi kama asidi ya maliki kwenye vakuoli, yaani kifuko ndani ya seli. Mchana unafunga na kuitumia kutengeneza sukari. Mnanasi nao ni hivyo hivyo.

— Waambie pia zinavyofunguka: potasiamu ikiingia kwenye seli linzi, maji hufuata, zinavimba. Ukuta wa ndani ni mnene, kwa hiyo zinapinda na kuacha mwanya.

— Basi jani la mnanasi alfajiri lina asidi nyingi kuliko jioni? Kesho nalipima kwa kiashiria cha asidi. Mkonge siugusi, utomvu wake unawasha!