Makangaga yamefunika malisho: ni njia gani ya kuyaondoa ili yasirudi?

Mfugaji wa Njombe anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote na kuomba ushauri wa wale waliokwisha kupambana na tatizo hili kwa mikono yao.

Ninafuga ng'ombe saba wa maziwa, machotara wa Friesian na Ayrshire, mkoani Njombe, mahali palipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mwaka juzi baba yangu mdogo alinikabidhi ekari tisa zilizokuwa na miwati. Baada ya miwati kukatwa, eneo lile halikulimwa tena. Watu walilisha mifugo humo bila mpango, na karibu kila mwaka ifikapo Septemba au Oktoba moto ulipita. Leo theluthi mbili ya eneo imefunikwa na makangaga yanayonifika kifuani, na chini yake hakuna nyasi hata kidogo, bali majani makavu ya miaka iliyopita yaliyolaliana. Nazungumzia lile kangaga gumu la milimani, ambalo wataalamu huliita Pteridium aquilinum, si yale laini yaotayo kando ya mito.

Nimefyeka mara mbili, mwezi wa Desemba na tena Februari, kwa kuwalipa vibarua. Mara zote mbili, kabla ya mwezi kwisha, vichipukizi vipya vilikuwa vimetoka vikiwa vimejikunja kama mkia wa kinyonga. Jirani yangu ananishauri nichome eneo lote kiangazi kijacho, kisha niwafungie ng'ombe humo mvua zikianza ili wavikanyage vichipukizi. Ekari nne ni tambarare na zinaweza kulimwa kwa ng'ombe, ila zilizobaki ziko kwenye mteremko mkali unaoshuka mtoni. Je, ushauri wa jirani una msingi? Na baada ya kuyaondoa, nipande nyasi gani ili eneo lisirudi lilivyokuwa?

Mkulima wa Mufindi anajibu:

Ndugu yangu, nakusihi usichome. Moto ndio uliokufikisha hapo ulipo. Sehemu kubwa ya mmea huu haionekani, kwa sababu iko ardhini: chimba mahali popote chini ya makangaga yako utakuta mashina meusi, mengine manene kama kidole gumba, yanayotambaa kuelekea kila upande na kuhifadhi wanga, nayo yana macho mengi yanayosubiri zamu yao ya kuchipua. Moto hauyafikii. Unachokiunguza ni nyasi na miche ya miti ambayo ingeshindana nayo, kwa hiyo kila unapopita unawaondoa wapinzani wa kangaga na kuliachia kangaga uwanja.

Kufyeka si kosa, lakini ulifyeka kisha ukasubiri. Jani linapochomoza, linatumia chakula kilichowekwa chini. Linapokomaa na kuwa gumu, linaanza kurudisha chakula kule kilikotoka. Wakati wa kulikata ni pale ambapo limekaribia kukunjuka lote, kabla halijaanza kurudisha, maana hapo ndipo ghala la chini linapokuwa limepungua kuliko wakati mwingine wowote. Mimi katika msimu wa mvua, tangu Novemba hadi Mei, nilikuwa nikipita na fyekeo kila baada ya wiki sita hivi, bila kuruka hata mara moja. Mwaka wa kwanza sikuona tofauti kubwa, na nakuambia hili mapema ili usikate tamaa. Mwaka wa pili majani yalitoka mafupi na machache. Mwaka wa tatu nilikuwa nikiyatafuta.

Hizo ekari nne za tambarare usihangaike kuzifyeka miaka mitatu. Zilime kwa plau mara tu mvua zinapokatika, wakati udongo bado una unyevu, ili mashina yale yageuzwe juu na kukaushwa na jua pamoja na upepo mkali wa Juni na Julai. Yakusanye kwa reki au kwa mikono, kwa sababu kipande chenye jicho kikiachwa kwenye udongo wenye unyevu kitachipua. Lima tena Agosti au Septemba. Mvua zikianza panda viazi mviringo, kwa kuwa viazi vinakulazimisha kupalilia na kupandishia udongo, na kila jembe linaloingia linakata vichipukizi; isitoshe, viazi vinavumilia udongo wenye tindikali kuliko mazao mengi. Fedha ya viazi ndiyo iliyonilipia uzio.

Mteremko usiulime kabisa, hata kama vibarua watakushawishi, maana mvua ya Januari moja itaupeleka udongo wako wote mtoni. Huko endelea na fyekeo, na majani unayoyakata yaache yalale hapo hapo mwaka wa kwanza ili yashike udongo. Panda mistari ya majani ya Guatemala kukingama na mteremko, kisha katikati ya mistari uanze kuingiza nyasi kidogo kidogo.

Kuhusu nyasi, kwa baridi yenu ningechagua setaria pamoja na desmodiamu, ambayo ni ya jamii ya kunde, na kikuyu mahali ambapo ng'ombe watakanyaga sana. Kabla ya kupanda, pima udongo. Makangaga hustawi penye tindikali, nyasi nzuri hazipendi hali hiyo, na udongo wa kwetu umeishiwa fosforasi. Chokaa ya kilimo na mbolea ya fosfati ya Minjingu haziui kangaga, lakini zinazipa nyasi nguvu ya kulifunika.

Daktari wa mifugo, Kericho, anajibu:

Mkulima wa Mufindi ameeleza vyema upande wa shamba. Mimi ninaandika kwa sababu ya wale ng'ombe saba, kwa kuwa shauri la kuwafungia ndani ya eneo hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Kangaga hili ni sumu, na vichipukizi vichanga ndivyo vyenye sumu nyingi zaidi. Kisayansi inaitwa takwilosaidi, na imejulikana tangu mwaka 1983. Ng'ombe akila majani mengi kwa majuma machache, uboho wa mifupa yake hushindwa kutengeneza chembe za damu. Atapata homa, atatoka damu puani na kwenye kinyesi, na kwa kawaida hufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, uvimbe huota ndani ya kibofu, naye huanza kukojoa damu inayokuja na kupotea. Katika nyanda za juu za Kenya tumeufahamu ugonjwa huu kwa muda mrefu, nao hauna tiba.

Ng'ombe aliyeshiba kwa kawaida hulikwepa kangaga. Hulila akiwa na njaa, mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa mvua, wakati nyasi hazijaota nalo limekwisha kuchipua, na huo ndio wakati hasa ambao jirani yako anataka uwafungie humo. Kwato kweli huvunja vichipukizi, lakini kwa ng'ombe wa maziwa sipendekezi njia hiyo hata kidogo, kwa sababu sumu hii hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo yatanywewa na watoto wako. Ningekuomba pia usitumie nguruwe kufukua mashina, ingawa wapo wanaofanya hivyo: kangaga lina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 tumboni mwa nguruwe na farasi, na nguruwe anaweza kufa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Majani yaliyokaushwa nayo yasitandikwe kwenye banda la ndama.

Jengeni uzio kwanza.

Mfanyakazi wa shamba la kondoo, Wales, anajibu:

Nimezaliwa Lushoto, na sasa ni mwaka wa tisa ninafanya kazi katika shamba la kondoo kwenye vilima vya Wales, ambako kangaga hili hili limefunika milima. Huku baridi huua majani yote kila mwaka, ndiyo maana hukatwa katikati ya Juni na mara ya pili mwishoni mwa Julai. Kwenu joto ni la kutosha karibu mwaka mzima, kwa hiyo wiki sita za mkulima wa Mufindi ni sahihi zaidi kuliko ratiba yoyote ya Ulaya. Mahali ambapo mashine ya kukatia haifiki, sisi huvuta rola nzito yenye vyuma vya kuvunja mabua bila kuyakata. Kwenye mteremko wako unaweza kufanya kazi ile ile kwa fimbo, ukiyapiga yangali machanga, na bua lililovunjika likaendelea kuvuja maji kwa siku kadhaa.

Juu ya dawa, nitasema kwa uangalifu. Dawa iliyosifiwa huku kwa miaka mingi ni asulamu, kwa sababu iliua kangaga na kuacha nyasi nyingi zikiwa hai, lakini mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiidhinisha upya. Glaifoseti nayo huua, ila huua na kila nyasi inayoigusa. Ukilazimika kuitumia, subiri majani yakunjuke yote yakiwa bado mabichi kabisa, ili dawa isafirishwe hadi chini, na ipake kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu badala ya kupuliza, ukivaa glavu na kukaa mbali na mto. Nimeona vilima vilivyopuliziwa dawa mara moja kisha vikaachwa. Baada ya miaka mitano huwezi kuvitofautisha na vile ambavyo havikuguswa.

Vibarua wako wafunge kitambaa puani wanapofyeka majani yaliyozeeka yenye vumbi la kahawia upande wa chini.

Mfugaji wa Njombe:

Nawashukuru kwa moyo wote. Maneno ya daktari yamenikumbusha jambo ambalo sikulitaja. Ninaye ng'ombe mmoja mkubwa niliyemnunua kwa mtu ambaye alikuwa akilisha kundi lake katika eneo hilo kwa miaka mingi. Tangu Agosti anakojoa mkojo mwekundu, unaacha wiki mbili kisha unarudi. Ametibiwa mara mbili kwa ugonjwa wa kupe, na hakupona. Je, inawezekana ndiyo hali hii?

Daktari wa mifugo, Kericho:

Inawezekana sana. Kinga mkojo wake wa asubuhi kwenye glasi safi na uuache utulie kwa saa chache. Ukibaki mwekundu kutoka juu hadi chini, ugonjwa wa kupe bado unaweza kuwa ndio sababu, hasa kama ana homa. Ukijitenga, juu ukawa wa njano na chini pakatuama damu au mabonge, basi damu inatoka kwenye kibofu chenyewe. Kwa vyovyote, mwite daktari wa mifugo wa wilaya yako na umweleze historia ya malisho aliyotoka, kwa sababu bila historia hiyo kila mtu ataanza na kupe. Maziwa yake yasitumike nyumbani wala kupelekwa kukusanywa hadi mjue.

Mfugaji wa Njombe:

Nimefanya hivyo tangu jana. Mkojo umejitenga, na chini kuna mabonge madogo. Daktari anakuja Alhamisi. Mimi na baba mdogo tumekubaliana kwamba uzio utaanza upande wa mto wiki hii, na plau itaingia kwenye tambarare mara mvua zitakapokatika.

Mkulima wa Mufindi:

Pole sana kwa ng'ombe wako, ndugu yangu. Vipando vya setaria ninavyo vya kutosha mteremko wako, usinunue. Njoo na magunia manne mwanzoni mwa Desemba, udongo ukiwa umelowa vizuri, ung'oe siku hiyo hiyo na upande kesho yake.