Mafundi na wauza spidi mita za baiskeli, mbona mnatufungia bila hata kuuliza saizi ya tairi?

Wakuu, salaam. Leo nina hasira na nitazimwaga zote hapa, maana jambo hili linawakuta wengi na kila mmoja anabaki nalo moyoni.

Unaingia duka la baiskeli Kariakoo, unaulizia spidi mita ya kawaida kabisa, ile ya kuonyesha spidi, umbali na saa. Unatajiwa 25,000, ya ufundi 5,000 juu. Unalipa. Fundi anafunga chapchap, anazungusha tairi la mbele kwa mkono, kioo kinatoa namba, anakwambia "tayari bosi, inasoma." Hakuna aliyekuuliza tairi lako ni saizi gani. Hakuna! Unaondoka na kitu kinachokudanganya kila siku, na umekilipia.

Hicho kidude hakijui barabara, wala hakiwasiliani na setilaiti yoyote, hata kama muuzaji atakuapia kwamba "ina GPS". Kuna sumaku kwenye spoki na sensa kwenye foki, ule uma unaoshika tairi la mbele. Ndani ya sensa mna swichi ndogo inayogusana kila sumaku inapopita. Kifaa kinahesabu mizunguko, kinazidisha kwa mzingo wa tairi ulioingizwa (yaani urefu wa duara lake zima), basi. Namba ya mzingo ikiwa ya uongo, spidi ni uongo, umbali ni uongo, wastani ni uongo.

Mimi natumia baiskeli ya inchi 29, tairi 29x2.1, ambalo mzingo wake ni kama milimita 2288. Fundi aliiacha namba iliyokuja nayo kutoka kiwandani, 2060. Pigeni hesabu wenyewe: kila kilomita 10 ninazokanyaga, yenyewe inaandika 9. Nimekuja kuligundua hilo Barabara ya Bagamoyo, kila kibao cha kilomita ninachopita kioo kinazidi kuachwa nyuma. Nikarudi dukani kwa upole kabisa. Jibu nililopewa: "Hizi za Kichina ndivyo zilivyo." Naomba nirudishiwe pesa, naonyeshwa risiti ilivyoandikwa chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na kumbe kifaa hakina tatizo lolote! Nimeingiza namba sahihi mwenyewe nikiwa nyumbani, sasa kinakwenda sambamba na vibao. Kazi ya dakika mbili, ambayo nilishamlipa mtu aifanye.

Kinachoniuma zaidi ni ule ufungaji. Waya wa sensa aliuvuta ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo, kutoka kwenye foki moja kwa moja hadi kwenye usukani. Ukikata kona kali, unavutika. Pale unapoingilia kwenye kikalio cha kioo plastiki ilikuwa imeshaanza kuchanika, shaba inaonekana. Waya ulitakiwa uzungushwe kwenye kebo ya breki ya mbele, uachiwe ulegevu juu ili usukani ugeuke pande zote mbili, ndipo ubanwe kwa vile vikamba vya plastiki. Sumaku nayo aliifunga kwa gundi ya karatasi, skrubu yake akabaki nayo. Sensa ilikuwa mbali na sumaku kiasi cha kidole kupita katikati, wakati inatakiwa nafasi ya milimita chache tu, nyingi ni kati ya 1 na 5. Ndiyo maana kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani, kioo kilikuwa kinashuka ghafla hadi sifuri halafu kinarudi. Wenye foki nene za kushoki (zenye springi), hapo muwe macho: sensa inabidi iinuliwe kwa kipande cha mpira au igeuzwe ielekee spoki. Kuna fundi alinibishia kwamba sumaku ikikaa karibu na haba (kitovu cha gurudumu) "spidi inapungua". Si kweli! Iwe karibu na haba au karibu na ringi, kwa mzunguko mmoja inapita mara moja tu. La msingi ni ipite mbele ya sensa, na kwa karibu.

Sasa kabla hujatoa hela yako, mdau, soma ubavu wa tairi. Utakuta namba kama 54-622. Hiyo ya pili ndiyo kipenyo cha ringi kwa milimita: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29 na pia 700C, ile saizi ya baiskeli nyingi za mbio. Ndiyo, 29 na 700C ringi ni moja, kinachotofautisha ni unene wa tairi, kwa hiyo usikubali kuingiziwa namba ya mwenzako. 700x25 ni kama 2105, 26x1.95 ni kama 2050. Wenye zile baiskeli ndefu za chuma za 28 kwa 1½, ringi yenu ni 635, msikubali kusetiwa kama 700C.

Na kama humwamini mtu, pima. Jaza upepo kama unavyoendeshea, vali iwe chini, weka alama ya chaki sakafuni, panda juu ya baiskeli mwenzako akikushika, sogea mbele hadi vali irudi chini tena, weka alama ya pili. Pima katikati kwa futikamba. Zitumbukize hizo milimita kwenye kifaa. Kama chako kinapokea sentimita, ondoa tarakimu ya mwisho baada ya kukadiria.

Ya waya au isiyo na waya? Kwa bei zetu hizi, chukua ya waya. Zile za bei nafuu zisizo na waya zinatuma mawimbi umbali mfupi, kama sentimita 60 au 70, zina betri mbili za kuhangaika nazo, na ukifunga taa ya LED ya bei rahisi karibu na kioo unaweza kuona spidi inaruka hovyo ukiwa umesimama. Muuzaji hatakwambia hayo, yeye anajua tu kwamba isiyo na waya ina bei kubwa.

Halafu betri. Nyingi zinatumia CR2032, ile bapa kama sarafu. Mpya huwa na kiplastiki chembamba cha kuizuia isitumike. Ukikuta hakipo, ujue huenda imeshawashwa siku nyingi, dai nyingine hapohapo. Na nyingi za bei hii ukichomoa betri, seti zote zinafutika pamoja na jumla ya kilomita zako, kwa hiyo ziandike mahali kwanza.

Najua atatokea mtu aseme "tumia simu". Simu ya laki kadhaa juu ya usukani, Dar hii, bodaboda wa kukwapua wanapita ubavuni? Hapana. Spidi mita ya 25,000 ndiyo kifaa sahihi kwa mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli au kijana anayeanza mazoezi, na ndiyo maana nakasirika. Wanaoibiwa hapa ni wale wasio na hela ya kununua kitu cha pili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumuuzia mtu "GPS" isiyokuwepo ni kumpotosha, hayo maandishi ya kwenye risiti hayabadilishi kitu.

Wauza duka mlioko humu, jibuni: mnashindwa nini kuuliza saizi ya tairi? Na nyie wadau, anayejua pa kupata sumaku na sensa ya waya bila kununua seti nzima, aweke hapa. Mwenzetu mmoja kwenye kundi letu la Jumapili waya wake umeshakatika, kioo chake ni kizima, na kila duka linamwambia anunue mpya.